Tiyo Iliyobaki Ziwani

Jioni ile Anastasie aliteremka ziwani kuosha viazi vitamu, kapu kichwani, kisu kiunoni. Jua lilikuwa linazama nyuma ya milima ya Kashuga na ukungu umeanza kutambaa juu ya maji. Aliosha haraka haraka. Si kwamba alikuwa mwoga. Mwoga? Anastasie? Mwanamke yule aliwahi kumfukuza polisi wa chifu kwa mwiko wa ugali, mbele ya kijiji kizima, na polisi akaacha kofia yake kwenye matope. Hapana. Aliharakisha kwa sababu nyumbani mama yake alikuwa anakufa.

Mama Nyirabagenzi hakuwa na homa wala kikohozi. Kilichokuwa kinamuua ni kilio kilichomkwama kifuani. Mwanawe Nestor, kaka yake Anastasie, alimezwa na ziwa wakati wa mvua kubwa, na watu wa pale wana sheria yao: aliyechukuliwa na ziwa, hakuna kumlilia. Hakuna matanga. Hata jina lake halitajwi. Mpaka kipatikane kitu chake, mfupa, nguo, chochote kile, kizikwe udongoni. Hapo ndipo anakuwa marehemu kama marehemu wengine, na mama yake anaruhusiwa kufungua kinywa. Ukimlilia kabla, wazee walisema, ziwa litasikia na litakuja kudai mwingine.

Basi mama wa watu alikaa kando ya moto tangu mvua zile, macho makavu, chakula hakishuki kooni, amebaki ngozi na mifupa.

Anastasie aliichukia sheria ile kwa moyo wake wote.

Alikuwa anafunika kapu aliposikia kamioneti, gari dogo la mizigo, inanguruma barabarani. Akashuka Madamu Françoise, mke wa yule Mbelgiji mwenye shamba la pareto upande wa Karuba. Mwanamke wa kucheka sana, pua imeungua na jua. Alikuwa anatafuta mtu wa kumtembeza kesho yake kwa mtumbwi kwenye visiwa vitatu vya ziwa, apate kuogelea. Na mkononi alikuwa na kitu ambacho Anastasie hakuwahi kukiona: kioo kipana chenye mpira wa kubana uso, na bomba la mpira lililopinda. Madamu aliliita tiyo.

"Wewe navaa hii," Madamu akaeleza kwa Kiswahili chake cha shambani. "Nalala juu ya maji. Tiyo napumua. Macho naona chini. Samaki, majani, yote!"

"Mupaka chini?" Anastasie akauliza.

"Mpaka chini kabisa!"

Anastasie akaweka kapu chini, taratibu.

"Kesho nitakutembeza, Madamu. Visiwa vyote tatu. Franka yako sitaki. Lakini kwa kisiwa ya tatu, hii kioo nitavaa miye."

Asubuhi wanaume walipoulizwa nani atapiga kasia nyuma, kila mmoja akakumbuka kazi yake shambani. Kisiwa cha kwanza kinaitwa cha Ndege. Cha pili kinaitwa cha Mbuzi. Cha tatu hakina jina. Watu hukionyesha kwa kidevu tu na kusema "kile". Ni hapo mtumbwi wa Nestor ulipokutwa unaelea, mtupu. Aliyekubali ni Symphorien, rafiki wa Nestor tangu utoto, kijana mrefu ambaye siku hizi alikuwa hatazamani na mtu machoni. Wakati Anastasie anachukua makasia, aliwaona Symphorien na Madamu wanasalimiana ufukweni, Madamu anamuuliza jina, naye anamjibu kwa sauti ya chini.

"Madamu," Anastasie akasema walipoketi, "juu ya hii mayi bantu hawaitane majina. Miye niko wa mbele. Huyu iko wa nyuma. Basi."

Madamu akacheka. "Mambo ya zamani hiyo!"

Kisiwa cha Ndege kilikuwa raha tupu, siwezi kuwadanganya. Maji yalikuwa maangavu hadi unaona mawe. Madamu alilala kifudifudi juu yake, tiyo imesimama juu ya kichwa, na kila alipovuta pumzi ilitoa sauti.

Hooo... hooo...

Anastasie alicheka mpaka akashika mbavu. Kisha Madamu akainua kichwa. "Anastasie! Anastasie, kuja kuona!" Jina likagonga mlima na kurudi. Kicheko kikamkauka Anastasie, lakini alijikaza. Jina ni langu, alijiambia, na litajwe.

Kwenye Kisiwa cha Mbuzi Madamu aliogelea mbali zaidi. Alirudi anatetemeka kwa baridi, akaushika ukingo wa mtumbwi, akaita kwa nguvu zake zote:

"Nestor! Nestor, letea mimi kitambaa!"

Kasia la Anastasie likasimama hewani.

Nyuma yake Symphorien alikuwa ananyoosha mkono kutoa kitambaa. Alikuwa ameitikia.

Anastasie alingoja Madamu apande kisiwani kujianika juani. Kisha akageuka.

"Juu ya nini anakuita na jina ya kaka yangu?"

"Amekosea..."

"Hakukosea. Ni weye ulimuambia. Niliona mudomo yako ufukweni."

Symphorien akaanza kulia bila sauti. "Dada, unisamehe. Wakati ya ile mvua nilikuwa peke yangu na mutumbwi, karibu na kile. Kitu ikaniuliza jina. Ndani ya mayi, dada! Ikauliza, weye ni nani? Nikaogopa. Nikasema... nikasema, miye ni Nestor."

"Na kesho yake Nestor akakufa."

"Sikujua itamukamata!"

"Na leo tena unavaa jina yake?"

"Ilisha kumukula," Symphorien akanong'ona. "Haiwezi kumukula mara mbili."

Anastasie aliinua kasia. Alitaka kumpasua kichwa, nasema wazi, na mimi nisingemlaumu. Lakini mtumbwi ule ulihitaji watu wawili, na kule nyumbani kuna mama anayekauka kando ya moto.

"Piga kasia," akasema. "Tunaenda kile."

Madamu akapanda tena mtumbwini. Walipokikaribia, ukungu uliwafunika mchana kweupe. Hakukuwa na ndege hata mmoja. Kulikuwa na harufu ya moto uliomwagiwa maji, ile ya majivu yaliyolowa, ingawa kisiwani hakuna anayewasha moto. Hata Madamu aliacha kucheka. Alijifunika kitambaa hadi masikioni na kumkabidhi Anastasie kioo.

Anastasie akauma tiyo kwa meno. Akajitumbukiza.

Maji yalikuwa baridi ya kukata. Kwanza aliona ukijani tu. Kisha miti. Miti mirefu iliyokufa, imesimama chini kule kama ilivyosimama kabla ya ziwa kuwako. Mmoja ulikuwa umelala, gogo nene, na juu ya gogo...

Watu.

Walikuwa wameketi mmoja nyuma ya mwingine, kama wanavyoketi wapiga kasia kwenye mtumbwi. Wote wamempa mgongo. Nywele zao zilikuwa zinayumba polepole. Mwanzo wa mstari hakuuona, ulipotelea gizani. Wa mwisho kabisa alikuwa na mabega aliyoyajua, mabega aliyobebwa nayo utotoni, na kwenye mkono wa kushoto alivaa bangili ya shaba aliyovishwa na mama yao siku ya komunyo.

Nyuma ya Nestor palibaki nafasi ya mtu mmoja.

Anastasie akazuia pumzi, akazama. Masikio yakauma. Akaishika bangili. Ilikuwa ya moto, ndani ya maji yale ya baridi! Akavuta. Mkono ukafuata. Akavuta tena, akikaza miguu kwenye gogo, akikaa, Mungu anisamehe, kwenye nafasi ile tupu. Hapo ndipo mstari mzima ukaanza kugeuza vichwa. Polepole. Kuanzia kule gizani.

Bangili ikachomoka.

Alipanda juu akipiga maji kama kichaa, tiyo ikamtoka mdomoni na kung'oka kwenye kioo. Madamu alimshika nywele, Symphorien akamshika mkono, wakamvuta ndani ya mtumbwi. Akalala pale anakohoa, bangili imefumbatwa kiganjani.

Symphorien alinyoosha mkono kuchukua kasia.

Halafu, karibu nao, juu ya maji...

Hooo... hooo...

Wote watatu walikuwa ndani ya mtumbwi. Wakatazamana. Wakahesabiana kwa macho. Kisha wakaiona tiyo. Ilikuwa imesimama wima juu ya maji, ncha nje, na inapumua.

Hooo...

"Wa nyuma," tiyo ikasema, sauti nene, ya mbali. "Jina yako?"

Symphorien alifungua mdomo. Anastasie aliziona herufi za jina zikijipanga kwenye midomo yake, na halikuwa jina lake mwenyewe. Lilikuwa la Anastasie. Alimzaba kofi lililomtupa sakafuni mwa mtumbwi.

"Jina yake?" tiyo ikauliza tena. Sasa ilimwuliza yeye.

Ingekuwa rahisi kiasi gani! Neno moja tu, tena neno la kweli. Huyu ni Symphorien, mwana wa fulani, mchukue. Lilikuwa kwenye ncha ya ulimi wake na lilikuwa tamu. Akamtazama kijana yule amejikunja kwenye maji machafu ya mtumbwi, anatetemeka. Akalimeza.

"Sikupe jina ya muntu!" akapiga kelele, akasimama, mtumbwi ukayumba. "Unataka jina? Sikia! Nestor! Nestor, mutoto ya Nyirabagenzi! Iko yangu, ninamurudisha nyumbani! Nestor, kaka yangu, yooo!"

Akalia. Pale pale, juu ya ziwa, mikono kichwani, kwa sauti ya matanga, alilia kile kilio kilichokatazwa, na milima ikalia naye. Tiyo ikayumba. Ikazama taratibu, ikiacha mapovu.

"Ni gazi, hewa ya chini," Madamu Françoise alisema walipofika ufukweni, midomo myeupe. "Chini ya milima hii kuna moto. Gazi natoka, naingia kwa tiyo, nafanya sauti." Labda. Yeye amesoma. Lakini hakuomba tiyo yake itafutwe, na kamioneti yake haikuonekana tena kijijini.

Bangili ilizikwa jioni ile ile nyuma ya nyumba. Mama Nyirabagenzi aliletwa amebebwa. Aliitazama ikishuka shimoni, akaweka mkono juu ya udongo, na kinywa kikafunguka. Yooo! Alilia miezi yote aliyodaiwa. Alilia mpaka mbwa wakanyamaza, na wanawake wa kijiji wakalia naye, na Anastasie akamshika kwa nyuma akiwa na furaha na uchungu visivyotengana. Kisha mama akaomba uji. Akanywa bakuli zima.

Giza lilikuwa linaingia, sauti ilipokuja kutoka ziwani.

Hooo... hooo...

Kilio kikakatika vinywani mwa watu wote.

"Anastasie..."

Bila shaka ilimjua. Madamu alikuwa ameliita jina lile juu ya maji kwa sauti kuu. Watu wakasogea mbali naye, hata jirani zake, hata waliokuwa wamemshika mkono. Anastasie akavuta pumzi ajibu. Hakuwahi kukimbia, na hakutaka kuanzia hapo. Lakini kiganja kikavu, chenye udongo wa kaburi, kikamziba mdomo.

Mama yake alikuwa amesimama. Kwa miguu yake.

Aliteremka peke yake mpaka maji yakagusa nyayo, bibi kizee yule, bakuli la uji bado mkononi.

"Anastasie haiko!" akaita. "Ni miye, Nyirabagenzi! Ulikula mutoto yangu na nikanyamaza juu bantu walinifunga mudomo. Sasa mudomo inafunguka. Kama ungali na njaa, kuya unikule miye! Kuya!"

Maji hayakujibu. Akangoja. Akamwaga mabaki ya uji ziwani, kwa dharau, kama anayemwagia nguruwe, akarudi kupanda mlima.

Tangu siku ile, kila jioni tiyo ilipopumua, Mama Nyirabagenzi aliteremka akalitaja jina lake, nalo ziwa likanyamaza. Halikumchukua. Halikumchukua mtu yeyote. Symphorien alihamia Mubambiro, akafanya kazi ya barabara. Wanasema akiulizwa jina lake anatazama chini na hajibu, hata mbele ya padri.

Mama alikufa miaka kadhaa baadaye, kitandani mwake, mkavu, ameshiba. Walimzika karibu na bangili. Watu walilia mpaka jua likaingia, kisha mmoja mmoja wakaanza kutega masikio upande wa chini, na mmoja mmoja wakaingia majumbani wakafunga milango.

Anastasie alibaki kaburini.

Hooo... hooo...

Ilikuwa karibu kuliko siku zote. Na haikuita kwa ile sauti nene. Iliita kwa sauti ya bibi kizee, sauti aliyokuwa ameizika saa ile ile.

"Binti yangu... Anastasie..."

Akaushika udongo mbichi kwa mikono miwili. Kisha akainuka, akachukua bakuli la mama yake, akalijaza uji, akateremka mpaka maji yakagusa nyayo.

"Ni miye," akasema. "Anastasie. Sema, unataka nini?"