Friji ya Tatu

Kila siku nikitoka shule natupa mkoba, nakunywa maji wima wima, halafu huyoo hadi zahanati anakofanya kazi shangazi yangu. Nyumbani wananiita Kiherehere, na sikatai.

Shangazi ni muuguzi. Kila saa alizunguka na daftari akiandika joto la friji tatu za chanjo. Vipimajoto vya friji hizo vilituma joto kwenye kompyuta, ila namba zilijazana tu humo. Shuleni tulikuwa tumejifunza kuandika programu kwa lugha ya Python, basi nikamtengenezea dashibodi, yaani ukurasa wenye orodha ya friji na mchoro. Ukichagua friji, kipande cha programu kinaitwa kazini, kinapokea chaguo lako na kuchora upya joto lake.

Jumatatu nikamwonyesha friji ya kwanza. Mstari ulikuwa umetulia kwenye nyuzi nne. Shangazi akanisifu kwa wenzake wote, akalifungia daftari kabatini. Kichwa kikanivimba.

Kesho yake, kipindi cha kompyuta, nikaipitia programu yangu nikaganda. Wakati wa kujaribu nilikuwa nimeandika "friji ya kwanza" mahali pa kuchora, na sikuwa nimeondoa. Ukichagua ya pili au ya tatu, bado unaonyeshwa ya kwanza. Kwa haraka zangu sikuwa nimezijaribu hizo nyingine.

Sikukalika. Nilijiambia nitarekebisha kimyakimya Ijumaa, nani atajua? Halafu nikawaza chanjo zinazoharibika. Kengele ilipolia sikupita hata nyumbani.

"Shangazi, dashibodi inadanganya," nilisema nikihema. "Nimekosea mimi."

Alikwenda moja kwa moja kwenye friji, nami nyuma yake. Ya pili ilikuwa salama. Ya tatu mlango haukushika vizuri, na joto lilikuwa nyuzi saba na nusu, wakati mwisho unaoruhusiwa ni nane. Akahamisha chanjo zote bila kunitazama, nami nikatamani ardhi inimeze.

Baadaye nikarekebisha ule mstari mmoja wa programu. Shangazi akatoa daftari kabatini, tukalinganisha friji moja moja.

"Kukosea tumekosea wote, mwanangu, maana nami niliamini kabla ya kuhakikisha," alisema. "Lakini ungenyamaza kwa kuona haya, kesho ningewachoma watoto sindano zisizo na kinga, na mama zao wangenishukuru. Haya, chagua tena friji ya tatu, huku nikiona."