Raba ya Klachi

Duka la spea lilikuwa limefurika Jumamosi ile. Kila mtu aligonga kaunta akitaja kifaa chake kana kwamba dunia nzima yeye peke yake ndiye aliyeharibikiwa. Fundi mmoja wa magari alikuwa kwenye foleni, ovaroli imemlowa mafuta, macho mazito kwa usingizi. Mbele yake alisimama mwanamke mwenye sare nyeupe ya uuguzi, sweta ya bluu ameifunga kiunoni, nywele zimebanwa kwa haraka haraka. Mwanamke yule alifungua mkoba, akatoa kipande cha raba nyeusi ya pedali ya breki kilicholika mpaka kikawa laini kama kipande cha sabuni, akakiweka juu ya kaunta.

Muuzaji alikigeuza huku na huku, akauliza ni ya gari gani. Alipoambiwa alicheka, akasema gari hilo liliacha kutengenezwa yeye hajazaliwa. Watu wakacheka naye. Muuguzi hakukasirika, alikuwa amechoka mno kukasirika. Alieleza tu kwamba juzi kwenye mvua mguu uliteleza juu ya breki, nusura aingie nyuma ya lori.

"Hebu niione," alisema fundi kutoka nyuma.

Fundi huyu mtaani walimwita Makongwe, kwa sababu hakuwa akigusa gari lolote lenye umri mdogo kuliko wake. Aliipapasa raba kwa kidole gumba, kisha akamwambia muuguzi kwamba aliyeendesha gari hilo miaka yote ni mtu mrefu, mpole, asiyependa kushika breki kwa ghafla.

"Huyo ni baba yangu," muuguzi alisema. "Nani amekwambia?"

"Raba yenyewe. Pedali haijui kuficha."

"Basi wewe si mtu wa kukaa naye karibu."

Alikaa naye karibu alasiri ile ile. Kwenye gereji fundi alitoa raba mbili mpya kutoka kwenye kopo la zamani, moja ya breki na moja ya klachi. Alizilowesha ndani ya maji ya moto mpaka zikalainika, akazivuta juu ya chuma cha pedali kwa mpini wa kijiko ili zisichanike. Muuguzi aliketi kwenye benchi akimtazama, na kabla raba ya pili haijaingia alikuwa amelala ameegemea ukuta. Fundi alimaliza taratibu. Kisha, kama alivyofanya kwa kila gari, alisoma saa ya kilomita, akaandika tarakimu zake kwenye kipande cha plasta na kukibandika ndani ya mlango.

Wakapendana hivyo hivyo, kwa uchovu. Kila asubuhi saa kumi na mbili na nusu simu ililia, muuguzi akitoka wodini, fundi akifungua mlango wa gereji.

"Umeamkaje, fundi wangu?"

"Sijaamka. Nimesimama tu. Na wewe?"

"Mimi miguu imeshafika nyumbani, mimi mwenyewe bado niko njiani."

Kila Jumapili muuguzi alikuja na gari, amevaa gauni la maua na viatu vyake vidogo bapa. Wakanywa chai benchini, akalalia bega lenye harufu ya grisi bila kujali. Ni siku hiyo tu gari lilitoka, ili injini isife, maana kazini alikwenda kwa basi la hospitali. Gari lilikuwa la baba yake, dereva mstaafu, ambaye kiharusi kilimwangusha mwaka uliopita na kumpoozesha upande wote wa kushoto. Kila asubuhi muuguzi alimwogesha, akamvisha, akamketisha kitini, kisha naye akalala mchana kutwa ili usiku aende kuwaogesha wazee wa watu wengine. Fundi aliyasikia haya na moyo ukamuuma. Mwezi wa nne wa mapenzi yao alimwambia muuguzi kwamba Jumapili ya mwisho wa mwezi angekuja kwa mzee, aseme lake kwa heshima. Muuguzi akamwambia avae shati lenye vifungo vyote.

Jumanne kabla ya siku hiyo, muuguzi alimpa fundi funguo alichukue gari uani kwao, akalibadilishe taa ya mbele. Fundi alifungua mlango na kukuta kiti kimesukumwa nyuma mpaka mwisho. Akainama. Raba ya klachi, ambayo haikuwa na miezi minne, ilikuwa imekwisha mistari yote ya upande wa kushoto, na juu yake kulikuwa na tope lililokauka, alama ya buti kubwa la kiume.

Alilipeleka gereji, akakaa chini sakafuni. Miaka sita nyuma mke wake aliondoka na mtu ambaye mtaa mzima ulimjua isipokuwa yeye, na tangu siku ile alijiapiza kwamba hatakuwa tena wa mwisho kupata habari. Sasa habari ilikuwa mbele ya pua yake. Kuna mwanamume mrefu anayeendesha gari lile, tena mara nyingi. Alifunga taa mpya, akarudisha gari mwenyewe, akaliegesha uani kwao na kuondoka bila kubisha hodi. Funguo akazitia mfukoni, kwa kuwa muuguzi alikuwa na za akiba.

Simu za asubuhi alizipokea mbili, akasema kazi zimemzidi. Nyingine hakuzipokea. Jumapili ya ahadi alishinda chini ya gari la mtu akifungua nati ambazo hazikuhitaji kufunguliwa. Jumatatu muuguzi alimpata kwa simu.

"Nimekukosea nini?"

"Hujanikosea. Nimechoka tu."

"Mimi nachoka kila siku na simu yako napokea," alisema, na sauti ilikuwa ya mtu aliyekwisha lia mapema ili asilie kwenye simu. "Kama umenichoka, sema. Mimi nina nguvu ya kusikia, sina nguvu ya kungoja."

Fundi akakata simu. Kiburi kilimzuia kuuliza, na woga pia, maana akiuliza atajibiwa. Wiki moja baadaye ukaja ujumbe mfupi: *Jumapili ile baba alivaa koti tangu asubuhi. Jioni ndipo alikubali nimvue. Nirudishie funguo.*

Ujumbe ule ulimchoma. Aliusoma mara nne, akanawa mikono, akaenda mchana ule ule. Alikusudia kuweka funguo mkononi mwa muuguzi, aseme alichokiona, amalize, akalale kama watu wengine.

Alipofika uani alisimama. Ndani ya gari kulikuwa na mtu. Mzee mrefu, mwembamba, amevaa buti nzito za kazini, fimbo imeegemezwa mlangoni. Injini ilikuwa imezimwa. Mzee alishika usukani kwa mkono wa kulia, jasho linamtiririka, na mguu wake wa kushoto ulipanda na kushuka, ukapanda na kushuka juu ya klachi. Kila ulipoteleza aliuinua kwa mkono na kuurudisha. Alikuwa akihesabu kwa sauti ndogo, na alikuwa amefika mia moja na tisini.

"Shikamoo, mzee," fundi alisema.

"Marahaba. Sema polepole, binti yangu amelala." Mzee aliitazama ovaroli yake. "Wewe ndiye fundi."

"Ndiye mimi. Mzee, umeanza lini kufanya hivi?"

"Tangu raba ilipokuwa mpya. Ile ya zamani mguu haukushika. Nikitoka jikoni mpaka hapa ni hatua ishirini, nazipata kwa nusu saa. Kila Jumamosi hukirudisha kiti mbele na kufuta tope, yeye hajui. Akijua atanifungia ndani."

Fundi aliegemea gari. Hakuweza kudanganya mbele ya jasho lile. Alimwambia mzee kila kitu, kiti, tope, raba iliyolika, na mwanamume aliyemtunga kichwani mwake. Alipogeuka, muuguzi alikuwa mlangoni kwa gauni la kulalia na sweta, miguu mitupu, na alikuwa amesikia yote.

Hakupiga kelele. Alimtazama baba yake, akamtazama fundi, akasema mmoja amemficha mguu na mwingine amemficha wivu, na yeye anayewahangaikia wote wawili ndiye wa mwisho kuambiwa. Kisha akaufungua mlango wa gari wazi na kuonyesha kipande cha plasta.

"Maandishi ya nani hayo?"

"Yangu."

"Soma. Halafu soma na saa ya kilomita."

Alisoma. Kwa miezi minne na ushei gari lilikuwa limekwenda kilomita tisini na sita.

"Huyo mwanamume wangu alinipeleka wapi, fundi? Mpaka getini?" Sauti ilianza kumkatika. "Kila kilomita hapo ni ya kuja kwako na kurudi. Umesoma raba, hayo uliyoyaandika kwa mkono wako hukuyasoma."

Fundi alisema amekosea, na kwamba ameona aibu. Hakujitetea. Muuguzi alijifuta uso kwa mkono wa sweta.

Mzee alikohoa. Alitoa mguu wa kushoto nje ya gari, kisha wa kulia, akashika mlango, akajivuta. Muuguzi alitaka kumkimbilia, mzee akamzuia kwa kidole. Alisimama. Magoti yalimtetemeka ndani ya suruali, lakini alisimama.

"Nilitaka mtu anayekuja kuniombea binti yangu nimpokee wima," alisema. "Ndiyo kazi niliyokuwa nikiifanya humu. Umechelewa siku nane. Sasa sema lako, siwezi kusimama sana."

Fundi alimtazama muuguzi.

"Usinitazame mimi," alisema muuguzi. "Sema, baba anachoka."

Akasema. Maneno aliyoyapanga mwezi mzima hayakuja hata moja, na shati lenye vifungo vyote lilikuwa nyumbani. Alisema tu kwamba anampenda, kwamba ni mjinga, na kwamba anaomba. Mzee alisikiliza mpaka mwisho, ndipo akamgeukia binti yake.

"Mimi nilishakubali zamani," muuguzi alisema. "Hasira bado ninazo. Tutazungumza nikiamka."

Alimsaidia baba yake kukaa, akachukua funguo mkononi mwa fundi, akazitazama, akamrudishia. Kisha akaingia ndani kulala. Fundi alipiga magoti kando ya mlango wa gari na kuipapasa ile raba iliyokwisha.

"Unayo nyingine ngumu kuliko hii?" mzee aliuliza. "Siku ya harusi nitatakiwa kusimama muda mrefu zaidi."