Kiapo cha Jembe

Zama zile bendera ya mkoloni ilipokuwa ingali ikipandishwa kwa tarumbeta, alikuwapo mjumbe wa Baraza la Kutunga Sheria aitwaye Semkiwa, mwana wa Bonde la Mzungai. Matajiri wa mkonge walilitamani bonde lile siku nyingi; watu wang'olewe, katani ipandwe. Gavana, alipochoshwa na ulimi wa Semkiwa barazani, akampa uwaziri wa ardhi. Semkiwa akaupokea upesi, kwani pasipo sahihi ya waziri hakuna shamba ambalo lingechukuliwa. Alichosahau ni sheria moja ya Wazungu: apewaye uwaziri hukiacha kiti chake, akarudi kuwaomba watu wake kura upya.

Hilo halikumtisha. Watu wa Mzungai walikuwa wake, damu na nyama.

Walikuwa wake kupita kiasi. Katika uchaguzi wa kwanza wasiojua kusoma walichagua kwa picha, na picha yake ilikuwa jembe. Alipita kijiji kwa kijiji akiwafundisha kwamba kura ni jembe, na atakayekuja kuwaambia vingine, awaye yote, ametumwa na serikali. Akawaapisha kwa udongo wa makaburi ya wazee wao. Safari hii Bwana Shauri, mkuu wa wilaya wa Kizungu, akazigawa picha kwa bahati nasibu. Semkiwa akapata saa. Jembe likamwangukia Chamungwana, kibaraka wa matajiri wa mkonge, mtu ambaye hata mbwa wa bondeni walimchukia. Semkiwa alipolalamika, Bwana Shauri akamjibu kwa upole kwamba sheria ni sheria.

Akalizunguka bonde lote hadi sauti ikamkauka. Watu wakamsikiliza, wakatazamana. Bi Mwantumu, shangazi yake aliyemlea, akamvuta kando.

"Wamekutisha, mwanangu. Tulijua watakutisha."

"Shangazi, ni mimi ninayesema. Jembe sasa ni la Chamungwana."

"Sema, baba, sema wakusikie. Sisi tumekula kiapo."

Semkiwa akampigia magoti. Waziri mzima akalia vumbini, na kila chozi likawazidishia watu yakini kwamba mwana wao anateswa. Ama kweli, mchimba kisima huingia mwenyewe.

Siku ya kura walijipanga tangu alfajiri, vikongwe wakabebwa mgongoni. Sanduku la jembe likajaa, likaletwa la pili. Chamungwana akatwaa kiti, na uwaziri, kwa amri ya Gavana, ukamfuata. Kalamu ya ardhi sasa ilikuwa mkononi mwake.

Karani alipotangaza kwamba jembe limeshinda, bonde zima likamiminika uani kwa Semkiwa kwa ngoma na vigelegele. Bi Mwantumu alikuwa mbele, jasho likimtoka, anacheka kama msichana.

"Tumekukomboa, mwanangu!"

Semkiwa akamfuta jasho. Moyo ulimuuma hata akashindwa kumchukia.

"Shangazi, waambie watu wakavune mahindi."

"Mbona bado mabichi, baba?"

"Vuneni hivyo hivyo."