Hedifoni za Matilda, Kigoda cha Scola

Apa kwanza. Lamba kidole, pitisha shingoni, sema haki ya Mungu sitasema. Kwa sauti! Eeeh. Na mumeo usimwambie, wanaume wa siku hizi midomo yao kama yetu tu, kaaah! Haya sogea. Sogea kabisa, sitaki kupaza sauti.

Unamjua Makoye, yule Msukuma wa Kasekese mwenye ng'ombe? Ana wake wawili. Bi mkubwa ni Matilda, mtu mzima, masikio yake yaliharibika zamani kwa kwinini, alipougua ile malaria ya kufa na kupona. Bi mdogo ni Scola. Mzuri huyo! Shingo ile, mwanya ule. Lakini wivu sasa... Makoye akimpapasa mbuzi, Scola ananuna.

Kila mmoja ana nyumba yake, ila tivii ni moja, iko kwa Matilda, inakula sola. Jioni wote watatu wanakaa kuangalia tamthilia, ile ya Waturuki waliotiwa Kiswahili. Kwa sababu ya Matilda sauti ilikuwa inafunguliwa mpaka mwisho, ng'ombe zizini hawalali. Na bado hasikii vizuri. Anauliza, "Mdogo wangu, huyo kasema nini?" Scola kwenye kigoda chake, kajibana kwa Makoye, anamjibu, "Kasema bibi kizee akalale." Hahahaaa! Mwanamke mbaya yule!

Basi Makoye kauza mahindi, kaenda Mpanda mjini, karudi na hedifoni. Hazina waya, zinadaka sauti hewani. Matilda kuvaa tu, akalia machozi. "Nasikia mpaka wanavyopumua!" Akawa anaziita masikio yangu.

Ila zile zikiwaka, tivii inanyamaza. Matilda anacheka, Scola anaona midomo ya Waturuki ikifunguka na kufunga tu. Sasa kiziwi akawa nani?

Siku moja Makoye akasogeza kichwa, akaegesha sikio upande mmoja wa hedifoni. Vichwa viwili, kitu kimoja. Wakacheka pamoja.

"Mnacheka nini?" Scola akauliza.

Matilda akampungia mkono. "Aah mdogo wangu, hutaelewa, umekosa mwanzo."

Weee! Kifua cha Scola kikawaka kama bani la tumbaku, lile banda la kukaushia kwa moto. Toka siku hiyo akajua kabisa kwamba akitoka tu, wanamteta. Hali akashiba. Halali akapata usingizi. Akaondoka kimyakimya mpaka Kabungu, kwa mganga mmoja anaitwa Manyanda.

"Nataka nisikie wanachosema nikiwa sipo," akamwambia.

Manyanda akamfungia dawa kwenye kikaratasi. "Ukitaka kusikia ya nyumbani, lazima uache wa kukusikilizia. Kitenge unacholalia, kiache kwenye kigoda chako. Hii dawa paka kwenye yale masikio ya mwenzio, vaa ukiwa mbali. Utasikia."

"Basi?"

"Wakikuita jina, vua. Upesi. Usisubiri jibu."

Wiki hiyohiyo, jua linazama, Matilda akamtuma. "Mdogo wangu, kanichukulie masikio yangu kwa Sylvanus, tamthilia inakaribia." Sylvanus ni kinyozi wa pale senta, anachajia watu simu. Scola akaitika vizuriii, mpaka Matilda akashangaa. Akaacha kitenge kwenye kigoda, akakikunja kama mtu aliyeinama. Akatoka.

Sylvanus alimpa hedifoni akimtania, "Shemeji, usizijaribu njiani, zikitoka uani kwenu tu zimekata."

Scola akacheka. Alipofika kwenye mashamba yaliyovunwa, pale hakuna nyumba, akasimama. Akatoa dawa kwenye pindo la khanga. Akapaka. Ikanuka... kama nywele zinaungua.

Akavaa.

Shhhhhh...

Halafu kiti kikalia. Kiti cha kwao! Akasikia Matilda anakohoa, kile kikohozi chake cha vumbi. Akasikia Makoye anavua viatu.

"Yule mtetea anaatamia?" Makoye akauliza, kampazia Matilda sauti kama kawaida.

"Anaatamia."

"Asije akaliwa na kicheche."

"Nimemfunikia tenga."

Scola kakaza meno. Akangoja. Wakaongea habari ya tenga. Wakaongea habari ya chumvi kuisha, na jirani aliyevunja mpini. Jina lake hakuna. Hata kumsengenya, hakuna! Kama hajawahi kuolewa pale. Giza likaanza kuingia, yeye kasimama kwenye mabua, mikono imeshika masikio.

"Nitajeni basi," akanong'ona. "Nitajeni, wachawi nyie..."

Matilda akakohoa tena.

"Scola," Makoye akasema.

Mkono ukanyanyuka kuvua. Maneno ya Manyanda aliyakumbuka, nakwambia, aliyakumbuka vizuri kabisa. Lakini jina lenyewe lilivyotamkwa, mwanangu! Taratibu. Kwa utamu. Ni lini Makoye alimwita hivyo? Mkono ukabaki palepale.

"Scola, mbona leo kimya?"

Kitu kikavuta pumzi. Siyo mbali. Ndani ya sikio.

"Nipo, baba."

Sauti yake mwenyewe.

"Eeh, umesharudi?" Huyo Matilda. "Masikio yangu yako wapi?"

"Sylvanus kafunga, dada. Leo nitakusimulia mimi. Na sitakudanganya."

Scola alizinyofoa zile hedifoni, akakimbia nazo mkononi. Ndala zikabaki shambani. Alipofika uani, mbwa wa kwao, aliyemlea mwenyewe kwa uji, akarudi kinyumenyume. Mlango umekomewa. Taa inawaka ndani.

"Hodi! Nifungulieni!"

"Nani?" Makoye.

"Mimi! Scola!"

Akasikia mtu anasogeza kiti. Akasikia hatua za mumewe zinakuja mlangoni, mkono unagusa komeo...

"Usifungue, baba," sauti yake ikasema kutoka ndani, polepole. "Hao ni wa usiku. Wanaiga."

Mkono ukaacha komeo.

Scola akazunguka dirishani, kuna ufa pale kwenye ubao. Akachungulia. Akaona mgongo wake mwenyewe. Kitenge chake kimevaliwa. Mtu kakaa kwenye kigoda, kamwinamia Matilda sikioni, anamsimulia tamthilia neno kwa neno, na Matilda kamshika mkono kama mdogo wake wa tumbo moja. Na Makoye? Makoye anamwangalia yule mtu kwa macho ambayo Scola alikuwa ameyatafuta toka siku ya mahari.

Unajua alichosikia moyoni? Siyo woga.

Wivu.

Akajionea wivu mwenyewe, nje, gizani, hana ndala.

Asubuhi Matilda alizikuta hedifoni zake kizingitini, akasema Sylvanus ni kijana mwema, kazileta. Scola, miguu peku, alienda kisimani kusalimia wenzake. Akawasalimia mmoja mmoja. Hakuna aliyemwona, wanawake wakawa wanajikuna masikio tu, kama kuna mbu.

Manyanda peke yake ndiye aliyemsikia. Hakumfungulia, aliongea naye mlango ukiwa umefungwa.

"Anatoka lini?" Scola akalia.

"Siku atakapoona wivu."

Basi ndiyo hivyo. Na yule wa ndani haoni wivu, mwanangu! Makoye akilala kwa Matilda, yeye anawapelekea maji ya kuoga. Kijiji kizima kinamsifu. Wanaume wanawaambia wake zao, uwe kama Scola. Mimi mwenyewe nilimsifu!

Sasa unaniuliza nani kanihadithia. Siyo Matilda, huyo hajui kitu. Juzi nilienda kwao kumjulia hali. Akafurahi, akataka na mimi nionje tamthilia, akanivika hedifoni zake. Tivii ilikuwa bado haijawashwa. Scola ananimiminia chai, mwanya ule, ananitabasamia.

Na sikioni, sauti yake ileile ikasema, "Shangazi, usishtuke. Usimwangalie."

Ikanisimulia haya yote. Chai ikapoa mkononi. Yule mwingine kasimama na birika, ananiangalia tu kwa upole, amesubiri mpaka mwisho, kama na yeye anasikiliza.

Aliyenihadithia ni Scola. Scola wa nje. Alipomaliza akaniuliza kitu kimoja tu:

"Shangazi, huko ndani... wananitaja?"

Nilivua. Ningemwambiaje kwamba jina wanalitaja, ila anayeitika ni mwingine?