Fundi Aliyekalia Mikono Yake

Hebu niambie, mjukuu wangu, umewahi kusimamisha kitu kisicho na breki huku watu arobaini wakikutazama?

Ndiyo yaliyomkuta binti mmoja, mkata tiketi aliyekuwa akijifunza kuendesha boti ya abiria. Asubuhi hiyo gati la mjini lilijaa watu waendao kazini, na nahodha alikuwa amemwachia usukani. Alivaa kilemba cha zambarau na shati jeupe lililopigwa pasi mpaka kola ikasimama. Akaja kasi. Boti ikaligonga gati puu! Fundi wa injini, aliyekuwa amesimama pale na kikombe chake, akamwagikiwa chai yote kifuani.

"Dada," akasema akikung'uta ovaroli, "gati limekukosea nini?"

"Limesogea," binti akajibu bila hata kupepesa.

Fundi alicheka mpaka akashika mbavu. Akambandika jina la Kishindo, na kila alfajiri, kabla ya abiria, akawa anamfundisha.

"Punguza mwendo mapema, mama. Kata gia, iache ije yenyewe. Ikikaribia, rudisha nyuma kidogo tu."

Naye fundi husimama gatini, huidaka boti kwa mikono miwili na kuivuta taratibu, kama anayepokea mtoto mchanga. Mapenzi yakaingia humo humo. Jioni ni simu tu.

"Umekula, kipenzi?"

"Nimekula. Wewe umenawa hiyo grisi?"

"Nimenawa. Imebaki ya moyoni."

"Nenda huko!"

Mtihani wa leseni ulipokaribia, bosi akamwuliza fundi kama Kishindo yuko tayari. Fundi akajibu, "Bado." Mtihani ukasogezwa mbele wiki mbili. Akishindwa huo, usukani anapewa mwingine, na yeye anarudi kibandani kukata tiketi. Habari zikamfikia binti kabla ya saa sita. Siku tatu hakupokea simu. Ya nne akapokea ili agombe.

"Asubuhi unanipenda, ofisini unanizika?"

"Nisikilize, mpenzi. Jumatatu nilikuwa na homa, sikuja gatini. Uliegeshaje?"



"Niliparua ubavu mzima wa boti," binti akasema polepole.

"Basi ndiyo hayo. Mikono yangu ndiyo iliyokuwa ikiegesha. Nilikudekeza. Kosa ni langu, si lako."

Mwanamume anayekubali kosa kabla hajabanwa, mimi namheshimu. Binti naye hasira zikamwisha, akabaki anacheka na kujifuta machozi.

"Kesho njoo," akasema. "Ila usiiguse boti."

Kesho yake alasiri upepo ulikuwa mkali. Fundi aligeuza ndoo, akaikalia, akaingiza mikono yote miwili chini ya mapaja. Mara ya kwanza, puu. Ya pili, puu. Ya tatu upepo ukampeleka binti huko pembeni. Fundi jasho linamtoka, anauma mdomo, lakini hakuinuka. Mara ya nne binti alipunguza mwendo akiwa bado mbali, akakata gia, akangoja. Boti ikaja, ikaegemea matairi ya gati kimya kimya. Wakarudia kila alasiri kwa wiki mbili, fundi akiwa juu ya ndoo yake.

Siku ya mtihani, mtahini alikuwa anaandika boti ilipogusa gati. Kalamu yake haikuruka. Akatia sahihi, akampa mkono, akaondoka zake.

Wakabaki wawili. Binti akamshika fundi mikono, iliyokuwa na alama za ukingo wa ndoo.

"Ahsante," akamwambia. "Kunidaka kulikuwa rahisi kwako. Kukaa pale ukiniangalia nikigonga, najua kulikuuma. Sijawahi kuaminiwa hivyo na mtu."

Fundi akaanza kueleza habari za oili ya injini.

"Oili iache," binti akasema. "Miezi yote hii nilikuwa nangoja wewe uanze. Sasa nasema mwenyewe: nataka unioe."