Pakiti Isiyogawanywa

Foleni ya kliniki ya watoto ilifika hadi nje ya mlango, na kati ya kina mama wote wale mwanamume alikuwa mmoja tu: fundi wa kuchomelea vyuma, ovaroli imetobolewa na cheche, kambeba binti wa marehemu dada yake. Mtoto alikuwa mwepesi mno, nyumbani wakamwita Punje.

"Mama yake yuko wapi?" muuguzi aliuliza, akizungusha utepe wa kupimia kwenye mkono wa Punje. Utepe ukasimama kwenye nyekundu, rangi ya utapiamlo mkali.

"Mama ndiye mimi, sista."

"Na ndevu hizo?"

"Ziliutangulia umama."

Muuguzi akacheka hadi gauni lake jeupe, lililonyoka kwa pasi, likajikunja. Akampa pakiti za lishe za wiki nzima, pamoja na namba yake ya simu. Siku ya tatu simu ikalia.

"Sista, Punje amepiga chafya."

"Chafya si ugonjwa, fundi."

"Najua. Nilikosa sababu nyingine ya kupiga."

Wiki nne wakapigiana hivyo. Lakini mizani haijui mapenzi: Punje hakuongezeka hata kidogo. Mbele ya foleni nzima muuguzi akafoka, "Hizi pakiti mnazila nyinyi wakubwa?"

Fundi akambeba Punje, akaondoka, akazima simu. Wiki iliyofuata hakuonekana.

Ukutani lilining'inia bango: MAMA, MLISHE MWANAO. Lilikuwapo hata kabla kliniki haijapata mizani, enzi watu wakizika watoto na kuambiwa ni uzembe wao. Mwenye njaa hulaumiwa kwanza, huulizwa baadaye. Bango lile halijawahi kuuliza nyumba ina watoto wangapi.

Jumamosi muuguzi akaenda mwenyewe nyumbani kwa fundi. Uani alimkuta mama yake fundi, kijiko mkononi, watoto watano, Punje mmoja wao, wamemzunguka. Pakiti moja, vinywa vitano, sawa kwa sawa.

"Mama! Hiyo ni ya Punje peke yake!"

"Mwanangu, hapa mtoto hali wenzake wakimtazama."

"Lakini hiyo ni dawa yake."

"Dawa?" Bibi akaweka kijiko chini. "Mbona mlisema chakula? Chakula hugawanywa!"

Miaka saba muuguzi amefundisha watu kufungua pakiti. Hakuwahi kuuliza inafunguliwa mbele ya nani. Akakunja mikono ya gauni, wakapika sufuria ya uji wenye karanga zilizosagwa na mayai. Huo wa wote. Pakiti, ya Punje.

Fundi akatokea mlangoni. "Umekuja kutukagua?"

"Nimekuja kuomba radhi."

"Ulinitukana mbele za watu. Radhi iombe huko huko."

Jumatatu muuguzi akaiomba, foleni nzima ikisikia. Jioni simu ikalia: "Sista, Punje amepiga chafya."

Miezi miwili baadaye utepe ukasoma kijani. Punje akaukamata, akautia mdomoni.

"Sista," fundi akasema, "umetufundisha kuna sufuria ya wote na kuna pakiti ya mmoja. Mimi nataka kuwa pakiti yako. Nisigawanywe."

Kina mama wakapiga vigelegele. Muuguzi akaitazama mikono ya fundi, myeusi kwa masizi.

"Na kabla ya kugusa pakiti tunafanya nini?"

"Tunanawa mikono."

"Basi kanawe, kisha uje unishike."

Fundi akaukimbilia mfereji wa kunawia.