Neno Lililofungua Kamera Nane

"Aimé, simu yako iko tayari."

Sauti hiyo ya Yannick, fundi simu wa pembeni mwa soko kuu la Bunia, iliwanyanyua watu wawili kwa mpigo. Upande huu alisimama dada wa miaka ishirini na saba, kitenge cha manjano kimefungwa juu ya suruali ya kazi, sementi imekauka vidoleni, ngazi yake imeegemezwa ukutani. Upande ule alisimama kijana mrefu mwenye shati jeupe lililopigwa pasi barabara na mkoba wa kompyuta begani. Pikipiki zilipiga honi, muuza samaki wa Tchomia aligombana na mteja, vumbi lilitimka. Lakini kila mmoja alisikia jina lake, na kila mmoja alinyoosha mkono.

"Weye pia unaitwa Aimé?" kijana aliuliza.

"Aimée. Na e mbili kwa mwisho."

"Basi uko ndoyi yangu. Na ndoyi hanyimake ndoyi. Nilipie chai."

"Miye nilipie chai mwanaume mwenye chemise kama ile?"

Kwetu huku, mkiitwa jina moja mmekuwa ndoyi, na ndoyi ni nusu ya ndugu: akiomba, unampa. Aimée alijua desturi, akalipa. Wakakaa kwenye benchi la mama wa maandazi, na chai ikapoa mbele yao kwa maneno. Ili tusichanganyikiwe, mwanaume nitamwita kwa jina la kwao Irumu, Kisembo. Wao wenyewe waliitana ndoyi tu, hata soko zima likazoea.

Aimée alikuwa fundi wa kufunga kamera za ulinzi, zile ambazo mwenye nyumba huzitazama kwenye simu popote alipo. Kisembo naye alikuwa mpimaji wa vyombo hivyo hivyo.

"Unavunjaka milango ya bantu?" Aimée alimuuliza.

"Mwenye nyumba ananiruhusu, anatia sinyatire kwa karatasi mbele. Kisha najaribu kamera yake, modem yake, kila kintu yenye iko na internet. Nikiingia, namuonyesha fasi nilipitia, afunge mbele mwizi haijafika."

"Basi uko mwizi ya heshima."

"Heshima niko nayo. Kula ndiyo sijakula."

Akaenda kula kwa kina Aimée. Akazoea. Kwa miezi mitatu simu ya asubuhi ilikuwa yake.

"Ndoyi, umekula?"

"Nimekula. Na weye?"

"Miye nakula sauti yako."

"Hiyo haishibishe. Kuya, mama amepika majani ya sombe."

Nisizunguke: Aimée alimpenda. Alimpenda kiasi cha kutabasamu peke yake juu ya ngazi, na huko ndiko balaa lilikoanzia.

Mtaa wa Bigo kulikuwa na nyumba ya Mama Godelive, iliyowapokea wanawake waliokimbia vijiji vya Djugu. Baadhi yao walikuwa na watu wanaowatafuta kwa ubaya, na kwa ajili hiyo wafadhili walileta kamera nane. Aimée alizifunga kama anayewafungia dada zake, kwani yeye na mama yake walitoka kijiji cha Bule, huko huko Djugu, kwa njia ile ile, wakiwa na mafurushi kichwani. Alipomaliza, mtambo ukadai neno la siri. Mvua ilikuwa inakuja. Mama Godelive alimhimiza kutoka chini, na simu ilitetemeka mfukoni kwa ujumbe wa Kisembo. Aimée akaandika "ndoyi2", kwa kuwa ndoyi ni wawili, akacheka. Na kwa sababu lilikuwa rahisi kukumbuka, akaliweka pia kwenye duka la dawa na kwenye shule moja.

Jumatatu moja simu za Kisembo zikaanza kufupika.

"Ndoyi, uko na nini?"

"Kazi tu."

"Kazi ya wapi?"

"Ya bantu."

"Na siye tuko nini?"

Akacheka, lakini cheko lenyewe liliishia mdomoni. Jumanne alikuja kula kama kawaida. Alimsalimu mama kwa mikono miwili, akasifu sombe, na muda wote macho yake hayakutoka kwenye sahani. Aimée alimpakulia tena, akamtazama. Aliwaza mwanamke mwingine. Nani asingewaza hivyo?

Alhamisi Mama Godelive alimwita Bigo. Aimée alivaa kitenge chake kipya cha bluu na blauzi ya mikono mipana, akidhani anakwenda kushukuriwa. Ofisini akamkuta Kisembo amekaa, mkoba magotini, uso umemshuka.

"Wafadhili waliomba kamera zipimwe," Mama Godelive alisema. "Nisikilizeni."

Alivaa miwani, akasoma ripoti kwa Kifaransa, kisha akawaeleza kwa Kiswahili wanawake waliojaa mlangoni. Mpimaji aliingia katika kamera zote nane akiwa nje ya ua. Aliona veranda. Aliona njia ya bafu. Hakuvunja kitu, alikisia neno la siri tu, na neno lenyewe lilikuwa ndoyi, na mbili nyuma yake.

Mlangoni mwanamke mmoja akasema polepole, "Lakini hata sokoni banabaita vile. Nani haijue?"

"Aimée, binti yangu," Mama Godelive akasema, "ulimupa huyu mulango ya nyumba yangu?"

"Sikumupa, mama."

"Basi aliokota wapi?"

Aimée aligeuza macho dirishani. Verandani alikuwa amekaa Martine, mwanamke aliyefika na mtoto wa wiki mbili na asiyetaka mtu ajue yuko wapi. Alikuwa ananyonyesha. Alinyanyua macho akaitazama kamera iliyokuwa juu yake, akajifunika yeye na mtoto kwa kitenge, akaingia ndani bila neno. Aimée angetukanwa mbele ya Bunia nzima ingekuwa nafuu.

Kisembo alimfuata hadi langoni.

"Ulijua lini?" Aimée aliuliza.

"Lundi, mwanzo ya juma. Hata mbele sijajaribu. Niliona visi, zile skrubu ya kamera, mistari ya vichwa yote inaangalia upande moja. Ni weye peke yako unafungaka vile."

"Na ukajaribu."

"Nilijaribu maneno mingi mbele. Ile yetu niliweka mwisho. Nilitaka ikatae."

"Ikakubali. Na mardi, siku yenye ilifuata, ukakuya kukula kwetu."

"Contrat ya kazi ilisema nisiambie mutu mbele rapport haijasomwa."

"Miye ni mutu?" Aimée alimgeukia. "Ulinipenda miye, ao ulikuwa unatafuta fasi ya kupitia?"

Swali hilo lilitaka jibu la haraka, na Kisembo, maskini, alikuwa mtu wa kupima kabla ya kusema. Alichelewa pumzi mbili. Kwa mwanamke mwenye kidonda hizo ni nyingi.

"Usinipigie tena," Aimée akasema, akasimamisha pikipiki.

Alilia, nisifiche, na mama yake alikaa kando yake mpaka machozi yakaisha. Lakini asubuhi alibeba ngazi yake. Duka la dawa la Dominique ndilo lilikuwa la kwanza.

"Nimekuya kubadilisha mot de passe, neno ya siri ya kamera," alimwambia. "Niliweka mubaya. Mutu angeweza kuingia."

"Aliingia?"

"Sijue. Angeweza."

Dominique aliacha kupanga dawa. "Na unakuya kuniambia weye mwenyewe?"

"Ni miye nilikosa."

Akampa kiti na maji ya kunywa. Shuleni haikuwa hivyo: mkuu alimsikiliza akiwa amesimama, akaagiza kamera zote zing'olewe, na akamwambia asirudi. Habari zikaenea. Wateja wawili waliokuwa wamemwahidi kazi wakaacha kupokea simu zake. Jina la fundi hujengwa tofali kwa tofali, na la Aimée lilikuwa linabomoka akiangalia.

Baada ya wiki moja Mama Godelive akapiga.

"Binti, ulisoma ile rapport mupaka mwisho?"

"Sikuwa na macho ya kusoma, mama."

"Hata miye nimefika mwisho leo. Basi nisikiye." Karatasi zilisikika zikipekuliwa. Ukurasa wa mwisho Kisembo aliandika kwamba alimfahamu fundi, kwamba alipaswa kuiacha kazi siku ile ile alipomtambua, na kwamba fundi hakumpa neno lolote. Neno lilikuwa lake, alilianzisha yeye sokoni. Akaomba kipimo chake kisitumike kumhukumu mtu. "Na kintu ingine. Lundi ile ile alikuya mbio, akaniambia nitoe kamba ya modem, nisirudishe mupaka neno ya siri ibadilishwe. Tangu pale mutu ya inje hakuona hapa. Nilikukasirikia, njo maana sikukuambia. Unisamehe."

Aimée alikata simu, akaishika kifuani. Hasira ilipungua lakini haikuisha. Akampigia Kisembo, naye akapokea kabla haijalia mara mbili.

"Nimeambiwa juu ya kamba ya modem," Aimée akasema.

"Ndoyi—"

"Hapana kuniita vile. Nyumba ulilinda, aksanti. Lakini miye uliniacha niende pale na kikwembe ya mupya, nikidhani bataniimbia."

"Nilikosa. Contrat ilinikataza kusema rapport. Haikunikataza kusema 'Aimée, niko na shida, usivae vile, usiende peke yako.' Niliogopa."

"Uliogopa nini?"

"Uso yako."

Aimée akasema, "Kuya Bigo kesho saa kumi. Na ordinateur."

Kesho yake Aimée alibadilisha maneno nane ya siri, kila kamera na lake. Mama Godelive alirudisha kamba, akaamuru kwamba yule yule aliyeingia ajaribu tena, mbele ya wanawake wote. Kisembo alikaa uani, kompyuta juu ya ndoo iliyopinduliwa. Alijaribu Bule. Alijaribu jina la mama, siku ya kuzaliwa, sombe. Kila mara mtambo ulikataa, na mara ya tano ukamfungia kabisa. Akahama kamera nyingine, na ikawa vile vile. Jasho lilimtoka. Alitumia saa mbili, na alipofunga kompyuta alitabasamu kama mtu aliyeshinda.

"Siwezi," akasema. "Mama, andika siwezi."

Wanawake wakapiga vigelegele vifupi. Martine peke yake hakupiga. Alisimama mlangoni na mtoto mgongoni.

"Miye naomba ile ya veranda itoke," alisema. "Hata kama imefungwa muzuri. Siwezi tena kukaa chini yake."

Hakuna aliyebishana naye. Aimée aliweka ngazi, akapanda. Kisembo akaja kuishika bila kuombwa, na wengine wakarudi kwenye shughuli zao.

"Ukijua kintu inanihusu," Aimée alisema akilegeza visi, bila kumtazama, "uniambie siku ile ile. Contrat ao hapana contrat. Kama hauwezi, achilia ile kazi, ao achilia miye."

"Siku ile ile."

"Hata kama ni mubaya."

"Hata kama ni mubaya." Kisembo alikaza mikono kwenye ngazi. "Basi iko moja nimejua leo. Nataka kukuoa."

Mikono ya Aimée ilisimama. "Umejua lini?"

"Saa hii. Wakati mashine ilinikataa mara ya tano nikafurahi."

Aimée alitoa visi ya mwisho, akampa kamera mkononi, akashuka ngazi hatua kwa hatua. Alipofika chini alijipangusa vidole kwenye kitenge, akamtazama usoni, na macho yake yalikuwa na maji.

"Mama yangu iko nyumbani," akasema. "Kuya umuambie leo."